Uzi Unakatika Kila Dakika: Uchambuzi wa Kisa cha Cherehani ya Fremu

Kisa hiki kilitokea katika karakana ndogo ya ushonaji kwenye mji mmoja wa Tanzania. Jina la mji, la karakana na la mteja nimeyaondoa, na watu wawili wanaotajwa nitawaita kwa kazi zao tu: mama mwenye karakana na mshonaji wake. Wote wawili wamekubali kisa kiandikwe. Nakiandika kwa sababu kosa kubwa lililofanyika hapa lilifanywa na mshonaji hodari, kisha likafuatiwa na kosa langu mimi niliyeitwa kusaidia. Yote mawili yanaweza kumpata fundi yeyote aliyezoea cherehani ya kawaida halafu akakabidhiwa mashine ya fremu.

Karakana, mashine na kazi yenyewe

Karakana inashona mifarishi ya vitenge, ile ambayo wateja wengi huiita kwilti. Juu ni vipande vya kitenge vilivyoungwa, katikati pamba ya polista, chini shuka. Matabaka hayo matatu yanashonwa kwa pamoja kwa michoro ya mizunguko mpaka yashikamane. Oda iliyozua kisa hiki ilikuwa ya mifarishi mikubwa ya vitanda vya nyumba ya wageni, kila mmoja una urefu wa kama sentimita 260.

Mashine ni cherehani ya mkono mrefu, yenye nafasi ya inchi 18 kati ya sindano na nguzo ya nyuma, iliyokaa juu ya fremu ya futi 10. Ilinunuliwa ikiwa imeshatumika Marekani. Inatumia umeme wa volti 110, kwa hiyo imeunganishwa kupitia transfoma. Kitabu cha maelekezo hakikuja nayo. Kwenye droo yake kulikuwa na bobini kadhaa (vile vigurudumu vidogo vya uzi wa chini) na pakiti moja ya sindano iliyobaki nusu.

Kwa ambaye hajawahi kuiona, kwenye cherehani ya kawaida mashine imetulia na kitambaa ndicho kinachotembea. Kwenye fremu ni kinyume chake: kitambaa kimetandazwa kati ya roli na kutulia, na mshonaji anaishika mashine kwa vishikio viwili na kuitembeza juu ya reli, mbele, nyuma, kushoto na kulia, kama anayeandika kwa kalamu nzito. Mashine hii ina kifaa kinachosoma mwendo wa magurudumu na kuamuru sindano ishuke kulingana na mwendo huo, nao walikuwa wamekiweka kwenye stichi 10 kwa inchi.

Tofauti hiyo ndiyo inayofanya uzi wa fremu ukatike kwa sababu ambazo cherehani ya kawaida haizijui. Sindano inapokuwa ndani ya kitambaa huku mashine inatembea, kwa muda mfupi sana sindano inapinda. Ncha imeshikwa na kitambaa, shina linakwenda na mashine. Mashine ikivutwa kuja kwa mshonaji, ncha inabaki nyuma, na nyuma ndiko iliko ndoano inayozunguka kuudaka uzi. Kupinda kidogo hakuna shida. Kukizidi, sindano na ndoano zinagusana.

Siku nne

Siku ya kwanza mshonaji alipandisha mfarishi kwenye fremu na kushona mistari miwili ya upana wa kitanda bila uzi kukatika hata mara moja. Naomba msomaji aishike habari hiyo, maana mimi niliipuuza. Mstari wa tatu uzi ukaanza kukatika, mara moja, kisha mara tatu, kisha kila alipofika katikati ya ua la mchoro.

Akafanya ambalo karibu kila fundi angelifanya: akalegeza skrubu ya uzi wa juu. Uzi ukaacha kukatika kwa muda, ila chini ya mfarishi vikatokea vitanzi. Kwa kuwa uchafu ulionekana chini, akaona kosa ni la bobini, akakaza skrubu ya kikombe cha bobini. Vitanzi vikazidi. Uzi wa juu ukiwa umelegea sana, bobini huuvuta kwenda chini, na ukiikaza bobini unaiongezea nguvu ya kuvuta. Mwisho wa siku skrubu zote mbili zilikuwa zimeshatoka mahali pake, na hakuna aliyekuwa ameandika zilikuwa wapi.

Siku ya pili akabadilisha sindano. Wazo lilikuwa sahihi kabisa, kwa kuwa sindano butu ni mshukiwa wa kwanza. Badala ya kutumia zile za kwenye droo, alizozionea huruma kwa kuwa zilibaki chache, alinunua pakiti dukani mjini. Akapewa DBx1, sindano ya mashine za kiwandani za mshono ulionyooka, ambayo ndiyo imejaa madukani. Mashine yake inataka DPx5, ambayo pakiti nyingine huiandika 134. Ukizishika mkononi zinafanana mno: urefu kutoka kitako hadi tundu ni uleule, na zote zina shina la mviringo. Zinatofautiana unene wa shina. DPx5 ina kama milimita 2, DBx1 ina 1.62. Ile nyembamba iliingia vizuri, skrubu ikaibana, naye akaona imekubali. Ila skrubu ilikuwa imeisukuma upande mmoja wa tundu la nguzo inayobeba sindano, kwa hiyo sindano haikuwa tena katikati.

Asubuhi hiyo kulisikika mlio wa "tik, tik" mara kadhaa, kisha sindano ikavunjika. Akaweka nyingine ya aina hiyohiyo. Kuanzia hapo uzi ulikatika vibaya kuliko jana.

Siku ya tatu walibadilisha uzi. Waliuondoa uzi wa polista mzito kiasi uliokuja na mashine, wakaweka 40/2 wa koni ambao mafundi wengi wanautumia. Hali ikabaki vilevile. Mama mwenye karakana akaanza kuishuku transfoma, kwa kuwa jirani alikuwa na mashine ya kuchomelea na taa zilikuwa zikififia. Siku ya nne akanipigia simu.

Nilichokikuta, na nilichoamua

Nilipofika niliomba nionyeshwe ncha za uzi uliokatika. Zilikuwa zimeshafagiliwa. Ndivyo ilivyo mahali pengi, na ni hasara, kwa sababu ncha ya uzi ndiyo shahidi wa kwanza. Uzi uliovutwa kupita kiasi au ulionaswa ghafla hukatika mkato mmoja, ncha ikabaki safi. Uzi uliosuguliwa na kitu chenye makali huchambuka, nyuzinyuzi zikasimama kama ufagio uliochakaa, na mara nyingi utaona sehemu iliyoanza kuota manyoya sentimita moja au mbili kabla ya kukatika.

Kabla ya kuwasha chochote nilifungua sindano. Ilicheza ndani ya tundu kabla skrubu haijakazwa, jambo ambalo sindano sahihi haifanyi. Nikachukua moja ya droo, nikaziweka mbili kwenye kiganja cha mshonaji.

"Zizungushe kwa vidole, dada. Sikia vitako."

Akazizungusha, akanyamaza kidogo. "Hii ya dukani ni nyembamba."

Tukaweka DPx5 namba 18. Nilichagua 18 badala ya 16 waliyokuwa wakiitumia kwa sababu ya shuka. Lilikuwa shuka la hoteli, lililofumwa kwa kubana sana, na kitambaa cha namna hiyo kinaisukuma sindano kando badala ya kuipisha. Sindano nene zaidi haipindi kirahisi, na tundu lake pana linaupa uzi nafasi.

Kisha nikachukua karatasi, nikaigawa sehemu nne: kwenda kulia, kwenda kushoto, kuja kwa mshonaji, kwenda mbali naye. Nikamwomba ashone pembeni mwa mfarishi uleule, na kila uzi ukikatika aweke alama kwenye upande aliokuwa akielekea, huku ncha ya uzi tukiibandika kwa gundi ya karatasi kando ya alama. Uzi ulikatika mara 12. Mara 7 ilikuwa akienda kulia, na ncha zote 7 zilichambuka. Mara 4 ilikuwa akivuta kuja kwake, na ncha zilikuwa safi. Mara 1 ilikuwa kushoto.

Zile 7 zilikuwa zinasema kitu kimoja waziwazi. Mashine inapokwenda kulia, stichi ya mwisho inabaki kushoto, kwa hiyo uzi unatoka kwenye tundu la bamba, kile kibati cha chuma ambacho sindano inapenya, ukiegemea ukingo wa kushoto. Nikafungua bamba, nikapitisha kipande cha soksi ya nailoni tunduni na kukivuta taratibu kuzunguka ukingo. Upande wa kulia kiliteleza. Mbele, nyuma, kikateleza. Kushoto kikanasa, na kilipoachia kilitoka na uzi mmoja umevutika. Nikawasha kamera ya simu nikaikuza: palikuwa na kijino kidogo cha chuma, pale DBx1 ilipokuwa ikigonga kabla haijavunjika.

Hapa palikuwa na uamuzi wa kufanya. Bamba jipya lingepatikana kwa kuagiza nje, na oda ilikuwa imeshachelewa. Kusugua kungewezekana, lakini ukisugua sana unalipanua tundu, na tundu pana linaacha kitambaa kizame pamoja na sindano. Nikaamua kusugua kwa kiasi kidogo kabisa: msasa laini sana wa 2000 uliokunjwa kama kijiti, mikwaruzo michache kwenye kijino peke yake, kisha uzi mnene uliopakwa dawa ya kung'arishia chuma ukavutwa tunduni kama anayepiga msumeno. Tulifuta, tukapitisha soksi tena mpaka ikateleza pande zote. Ndoano niliimulika kwa tochi. Ilikuwa na alama ya kung'aa lakini nilipoipitishia ncha ya ukucha haikunasa popote, na mashine haikuwa ikiruka stichi, kwa hiyo sikuigusa, wala muda wake wa kukutana na sindano sikuugusa. Kuna mafundi ambao wakishika tochi tu wanataka kufungua ndoano. Bila ushahidi ni kujitafutia kazi ya wiki nzima.

Baada ya hapo nikarudisha ukazaji wa uzi kwa kuanzia chini. Kikombe cha bobini kikining'inizwa kwa uzi wake kinatakiwa kisimame, na ukitikisa mkono kidogo kishuke kidogo na kusimama tena. Chao hakikushuka hata nilipotikisa kwa nguvu. Nikakilegeza kwa robo robo mpaka kikatii. Ndipo nikaukaza uzi wa juu mpaka vitanzi vya chini vikapotea, nikijaribia kwenye kipande kidogo cha matabaka matatu nilichokitandaza mwanzoni mwa fremu. Kipande kilishonwa vizuri pande zote nne. Nikasema imepona.

Baada ya chakula cha mchana, kwenye mfarishi wenyewe, uzi ulikatika tena. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ncha zilikuwa safi, na kila mara mshonaji alikuwa akivuta mashine kuja kwake.

Nilianza kuunyooshea kidole uzi wenyewe. Nilikuwa hata nimeshamwambia mama mwenye karakana atume mtu akanunue koni nyingine. Ndipo mshonaji akasema kwa upole, "Samahani fundi, mbona siku ile ya kwanza mistari miwili ilikwenda bila shida? Uzi ulikuwa ule wa mwanzo, sindano ile ya mwanzo, na shuka hilihili."

Hilo ndilo swali nililopaswa kuliuliza mimi asubuhi. Kati ya mstari wa pili na wa tatu, ni nini kilichobadilika kwenye fremu?

Kilichobadilika ni unene wa roli. Mfarishi ulioshonwa unaviringwa kwenye roli lililo ndani ya mkono wa mashine, na kwenye fremu hii kitambaa kinapita upande wa chini wa roli hilo. Kila mstari ukimalizika na kuviringwa, roli linanenepa, na upande wake wa chini unashuka kuelekea kitanda cha mashine. Fremu ina mashimo pembeni ya kulipandishia roli, lakini kwa kuwa kitabu hakikuja, hakuna aliyejua kazi yake. Nikajaribu kuingiza kidole kati ya mfarishi na kitanda cha mashine. Hakikuingia. Nikausukuma mkono wa mashine kwa kidole kimoja na kuuachia: ulisimama papo hapo, kama umekanyaga gundi. Mashine ilikuwa inakwama kwenye mfarishi, mshonaji anavuta kwa nguvu, inachomoka kwa mshtuko, na sindano iliyomo ndani ya kitambaa inapindishwa kuelekea ndoano.

Juu ya hayo mfarishi ulikuwa umekazwa kama ngoma. Mshonaji aliukaza siku ya pili akiamini kitambaa kilicholegea ndicho kinachokata uzi. Tukapandisha roli mashimo mawili mpaka kidole kikapita kikigusa kidogo. Tukaulegeza mfarishi mpaka nikiusukuma kwa kidole kutoka chini, mkono wangu wa juu unaweza kukibana kidole hicho ndani ya kitambaa. Kulegeza zaidi ya hapo si kuzuri: kitambaa kinaanza kuruka na sindano, na uzi unapata sababu nyingine ya kukatika.

Matokeo

Mfarishi ule ulimalizika siku mbili baadaye. Uzi ulikatika mara 3 kwenye mistari yote iliyobaki, na mara zote hizo ilikuwa juu ya maungio manene ambapo vipande vinne vya kitenge vinakutana. Mama mwenye karakana aliurudisha uzi wa mwanzo na transfoma ikaachwa ilivyo.

Kuna ambalo halikurekebishika. Sehemu za mstari wa tatu na wa nne zilifumuliwa na kushonwa upya, na shuka lile lililobana halikufunga matundu yake. Kwenye kitenge, baada ya kulowesha na kusugua kwa ukucha, matundu mengi yalipotea. Upande wa shuka yalibaki kama vidoa vya kalamu. Mteja aliambiwa ukweli, akaupokea mfarishi huo kwa bei iliyopunguzwa, na oda yote ikachelewa siku sita.

Kilichofaa na kilichoharibu

Ukiyapanga mambo kwa kufuata muda, ugonjwa wa kwanza ulikuwa mdogo: roli lilishuka. Ungetibiwa kwa kupandisha roli kwa dakika tano. Ugonjwa wa pili, kijino kwenye bamba, uliletwa na tiba ya ule wa kwanza. Ndiyo maana kila walichojaribu siku ya tatu hakikuonyesha nafuu yoyote. Palikuwa na sababu mbili zinazokata uzi uleule, na ukiiondoa moja, nyingine inaendelea kukata, nawe unaamini ulichoondoa hakikuwa sababu.

Karatasi ya pande nne ilisaidia kuliko kitu kingine chochote. Ilinionyesha sababu zote mbili mchana kweupe: ncha zilizochambuka kulia, ncha safi kwenye kuvuta. Nami nilizifuata 7 nikaziacha 4 kwa kudhani ni mabaki ya ugonjwa uleule. Alama zinazotofautiana kwa upande na kwa sura ya ncha zina sababu tofauti mpaka ithibitike vinginevyo, hata zikiwa chache.

Kosa langu la pili lilikuwa jaribio. Kile kipande kidogo nilikitandaza mwanzoni mwa fremu, mahali ambapo hakuna roli nene lililoshuka na hakuna kitambaa kilichokazwa kama ngoma. Nilijaribu mashine nikaacha kuijaribu fremu. Tangu hapo, jaribio la mwisho nalifanya palepale penye tatizo, roli likiwa na unene uleule, hata kama ni kwa kutumia ukingo wa shuka unaozidi.

Kuhusu sindano, sitaki kumlaumu mshonaji kwa kununua DBx1. Muuza duka alimpa "sindano ya mashine kubwa", na kwa mashine nyingi kubwa za mjini hilo ni jibu sahihi. Ingefaa tu aende dukani na sindano ya zamani na kulinganisha vitako kabla ya kulipa. Palipostahili kusimama ni pale aliposikia "tik". Mlio wa chuma kugonga chuma kwenye cherehani si wa kuvumiliwa hata stichi moja zaidi, kwa sababu kila mgongano ni jeraha linalobaki baada ya sindano kuondoka.

Kulegeza skrubu kama hatua ya kwanza ndiko kulikopoteza muda mwingi. Uzi uliopita mistari miwili ya upana wa kitanda ulikuwa na ukazaji unaofaa. Skrubu haijigeuzi yenyewe katikati ya kazi. Kazi ikiharibika ghafla, kinachotafutwa ni kilichobadilika, na kwenye fremu vitu vinavyobadilika vyenyewe ni vichache: roli linanenepa, sindano inachakaa, vumbi la pamba linajaa kwenye kikombe cha bobini, koni inakwisha na uzi unaanza kukwaruza kingo zake. Mshonaji sasa anavipitia hivyo kwanza, na skrubu ameichora alama ya wino mweupe ili ajue ilipokuwa.

Tatizo la maungio manene bado lipo. Tumejaribu kuyapasua na kuyapiga pasi yalale pande mbili badala ya kulazwa upande mmoja, na uzi unakatika mara chache kuliko zamani. Bamba jipya lilifika baada ya miezi miwili. Nilipoliweka la zamani kando ya jipya, tundu la zamani lilikuwa pana kidogo upande wa kushoto, kiasi cha kuonekana kwa macho, na kuanzia siku lilipofungwa jipya stichi za kwenda kulia zimekaa sawa na za kwenda kushoto, jambo ambalo hatukuwa tumeligundua kwamba limepotea.